Mafuta Niliyoyachagua Mimi

Mtwapa, 14 Januari 2024

Kwa mjomba wangu Fumo, Mambrui.

Shikamoo mjomba. Mkono wako naubusu kutoka huku. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Nimehamia chumba chenye dirisha, na maji ya mfereji hutoka Jumanne na Ijumaa. Msalimie mama, na umkumbushe asiache dawa yake ya presha eti kwa sababu anajisikia vizuri. Barua hii nampa Dena, yule anayeleta samaki huku kutoka Mambrui. Kwenye simu hunisikii, na nikituma ujumbe kwa mama atakusomea kwa sauti mpaka jirani asikie. Hili silitaki lisikike.

Mama anajua nauza vipuri. Ni kweli niliajiriwa dukani, lakini tangu Septemba Eugene, mwenye gereji, amenihamishia nyuma kwenye injini. Alinikuta nikirekebisha kabureta ya mteja vile ulivyonifundisha uani kwako. Sasa amenunua pikapu kuukuu ya Datsun anayotaka kuishindanisha. Kuna mbio zinafanyika kwenye njia ya ndege ya zamani, huko mashamba ya mkonge. Magari huenda mawili mawili, robo maili, mstari ulionyooka, basi.

Injini yake ni ya mgandamizo mdogo, nane kwa moja, na Eugene hataki ifunguliwe. Amenunua pipa la mafuta ya mashindano, okteni mia na kumi, akisema hayo ndiyo yenye nguvu. Tuliyajaribu Jumapili. Gari lilikuwa zito kuliko siku ya petroli ya kawaida. Sekunde kumi na sita na nukta sita! Eugene anasema nimekosea mimi kurekebisha.

Wewe ulitengeneza magari ya mbio huko Ghuba miaka tisa. Niambie nimekosea wapi.

Mpwa wako, Hafswa.


Mambrui, 22 Januari 2024

Kwa Hafswa.

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Mamako mzima, ila ana ugomvi na kuku wa jirani anayekuja kutaga kwenye kapu lake la nguo. Mimi masikio ni yale yale, na simu hizi za kioo hazizitambui ncha za vidole vyangu, basi kalamu inanitosha. Mamako ameniuliza biashara ya vipuri inakwendaje. Nimemwambia inakwenda. Sikusema zaidi.

Hukukosea. Watu wengi hudhani okteni ni nguvu. Okteni ni subira. Ni uwezo wa mafuta kubanwa na kupashwa moto ndani ya silinda yasiripuke kabla ya plagi kuyawasha. Injini inayobana sana inahitaji mafuta yenye subira nyingi, la sivyo itagonga mpaka pistoni itoboke. Injini yako haibani kiasi hicho. Umeipa subira isiyo na kazi nayo, na mengi ya mafuta hayo huwaka polepole, kwa hiyo pistoni inashuka kabla moto haujamaliza kuisukuma. Pipa lile mrudishie aliyeliuza.

Tia petroli ya kawaida, iliyo mpya, kutoka kituo chenye wateja wengi ili isiwe imelala tangini. Sogeza taimingi, yaani ule wakati wa plagi kuwasha, mbele digrii mbili, ujaribu, kisha mbili tena. Ikianza kugonga, rudi nyuma. Chomoa plagi uzisome: rangi ya chai ya maziwa ndiyo unayoitaka. Kisha toa kiti cha abiria na kila kisichohitajika. Wepesi hauhitaji kununuliwa kwa pipa.

Anayeendesha ni nani? Hakikisha si wewe.

Wako, Fumo.


Mtwapa, 3 Machi 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ramadhani inakaribia, na huku kila duka limeshatoa tende mbele. Nitakutumia kilo mbili kwa mkono wa Dena. Kikohozi kilinishika wiki nzima, sasa kimeniachia.

Petroli ya kituoni imetupa kumi na tano na nukta tatu! Nilisogeza taimingi digrii sita kwa jumla, ya saba ikagonga. Eugene aliangalia saa mara mbili, kisha akaenda kuwaambia watu kwamba ni yeye aliyeagiza kubadilisha mafuta.

Mimi siendeshi, usiwe na wasiwasi. Anayeendesha ni Menza, mtu wa Vitengeni, ana miaka ishirini na sita. Zamani alikuwa dereva wa lori la mawe. Ni mpole, na kabla ya kila mbio huvua viatu, eti akanyage kiongeza mwendo kwa unyayo mtupu. Tumezoeana sana. Nimeishia hapo, usiniulize zaidi.

Sasa kuna jambo. Lipo gari moja linatupita kila mara, na Eugene amegundua linatumia methanoli badala ya petroli. Amepata mtu wa kumletea. Nimesoma mtandaoni kwamba inapoza hewa inayoingia, na kwamba hata injini ya mgandamizo mdogo hufaidika. Lakini waliojibu huko ni watu nisiowajua. Wewe umeitumia? Inafanya kazi?

Hafswa.


Mambrui, 6 Machi 2024

Hafswa,

Methanoli haina faida kwa injini ya mgandamizo mdogo. Ni usumbufu tu. Achana nayo, baki na petroli.

Tende usitume, zipo.

Fumo.


Mtwapa, 21 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya baraka kwenu. Samahani sikufika kula nanyi. Mama amesema ulisali ukarudi kulala, hukupokea wageni. Unaumwa?

Nitasema moja kwa moja. Tumeijaribu methanoli. Nilipanua matundu ya kabureta ili ipitishe mafuta karibu mara mbili, nikabadilisha mipira inayopitisha mafuta, nikalisafisha tangi. Kabureta ilitoa jasho baridi kwenye jua la Mtwapa kana kwamba imetoka kwenye friji. Sekunde kumi na nne na nukta mbili. Menza alishuka akiwa anacheka peke yake.

Uliniandikia haina faida. Wewe si mtu wa kukosea kitu kama hicho, mjomba. Na barua ile haikuwa na salamu, wala hukuuliza habari yangu. Kama ulikosea, sema. Kama kuna lingine, liseme hilo. Eugene ananiambia wazee wanaogopa vitu vipya.

Hafswa.


Mtwapa, 30 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua ya Aprili hukuijibu, wala ile fupi ya Mei. Dena aliniapia kwamba alizitia mkononi mwako. Nilizungumza na mama jana, nikamsikia akikuita ukale. Kwa hiyo uko hai.

Menza ameungua.

Ilikuwa Jumapili iliyopita, saa nane mchana, jua kali. Alimaliza mbio ya pili, akarudi mahali petu, akazima injini. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne mbele ya gari, daftari mkononi. Akafungua mlango, akatoka, akaanza kujipiga mapajani, kisha kifuani. Nikadhani anashangilia. Eugene naye alidhani hivyo, akampigia makofi.

Menza akalia, "Nawaka! Hafswa, nawaka!"

Nikamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, sikuona kitu. Hakuna moto, hakuna moshi. Wallahi mjomba, nikamuuliza, "Wapi?"

Kisha nikaona rangi ya mlango inavimba malengelenge, na nyusi zake zinajikunja. Hapo ndipo nilipoelewa, lakini miguu yangu haikwenda. Aliyekwenda ni Kasiva, mama anayeuza soda pale. Hakungoja kuona. Aliinua beseni lake la maji ya barafu, chupa na vyote, akammwagia, akaita wenzake walete mengine. Maji ndiyo yaliyouzima.

Nimelichunguza gari. Nilibadilisha mipira yote ya mafuta ila kipande kimoja, urefu wa kidole, chini ya kabureta. Niliona bado kizuri, na Eugene alikuwa ananiharakisha. Methanoli imekila mpaka kimelainika kama mkate uliotiwa chai. Ikadondokea bomba la moshi lenye joto, ikawaka, ikapita kwenye tundu nililotoboa mwenyewe ili kupitisha nyaya, ikafika miguuni pake. Na alikuwa peku.

Ameungua miguu, mapaja, mikono yote miwili na shingo. Yuko hospitali, Kilifi, na mamake amekuja kutoka Vitengeni kukaa naye. Nimefika mpaka mlango wa wodi mara tatu, nikarudi.

Eugene ameandika karatasi. Inasema Menza aliwasha sigara ndani ya gari. Menza havuti sigara. Nami natakiwa nitie saini kama fundi niliyekuwepo. Nikamwambia, "Hii si kweli." Akasema, "Kweli itamponya? Itafunga gereji tu, na wewe hutapata kazi ya injini tena pwani nzima." Amenipa mpaka tarehe kumi na mbili.

Ulijua kitu. Mtu hajibu ndani ya siku tatu kisha akanyamaza miezi miwili bila sababu. Kama ungeniambia huu ni moto usioonekana mchana, ningeweka maji pembeni. Ningekitazama kile kipande mara mbili. Nina hasira nawe, mjomba, na nakuandikia kwa sababu sina mwingine.

Hafswa.


Mambrui, 4 Julai 2024

Mwanangu Hafswa,

Una haki ya hasira hiyo, usiipunguze kwa ajili yangu. Mamako anachambua mchele uani. Asubuhi nimemwambia kwamba unatengeneza injini, nikamwambia na haya nitakayokuandikia. Alilia. Kisha akauliza kwa nini sisi wawili tumemfanya yeye kuwa mtu wa kufichwa.

Methanoli ina faida. Nilijua. Nilikudanganya kwa sababu nilifikiri ukisikia haina faida utaiacha, nami sitalazimika kueleza nimeujuaje ubaya wake. Ulipoandika kwamba imefanya kazi, niliona nina njia moja tu iliyobaki, nayo ni kusema. Kila siku nilikaa na kalamu, kila siku nikaahirisha. Menza ameungua ndani ya siku hizo.

Niliwaambieni mikono yangu iliungua kwa maji ya rejeta. Si kweli.

Kule Ghuba nilifanya kazi na mtu wa Kilifi, jina lake Lewa. Tulipanga chumba kimoja miaka sita. Alikuwa dereva wa majaribio. Gari la bwana wetu lilikuwa na injini kama yako, ya mgandamizo mdogo, na ni mimi niliyependekeza methanoli. Siku moja mpira wa mafuta ulipasuka. Lewa alitoka garini akirusha mikono na kurukaruka mahali pamoja. Nilikuwa mbali naye kama kutoka mlango wetu hadi kisimani. Sikuona moto.

Nilicheka, Hafswa. Nilimpigia kelele, "Cheza, Lewa, cheza!"

Alipoanguka nilikimbia kumshika, na ndipo mikono yangu ilipouona moto ambao macho hayakuuona. Alikufa siku ya tatu.

Bwana wa gereji alileta karatasi. Iliandikwa kwamba Lewa alikuwa amelewa, akajimwagia mafuta mwenyewe. Methanoli ni jamaa ya pombe, na nguo zake zilinuka hivyo, basi kila aliyenusa aliamini. Shahidi nilikuwa mimi peke yangu. Niliitia saini kwa mkono uliofungwa bendeji, nikapewa tikiti ya ndege kurudi nyumbani. Ni miaka kumi na miwili sasa. Mke wa Lewa, Emily, anaishi Kilifi nyuma ya soko. Kila niendapo Mombasa napita Kilifi. Sijashuka hata mara moja.

Usitie saini. Nenda kwa mamake Menza, umwambie kwa kinywa chako. Sikuamuru kama mjomba, maana sina uso wa kuamuru. Nakuomba tu.

Fumo.


Mtwapa, 20 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini nikaisoma tena. Mama amenipigia. Nilijitayarisha kukaripiwa, akaniuliza kama nakula. Nikamwambia nakula. Akasema, "Sitaki kudanganywa tena, hata kwa chakula." Basi nikamwambia ukweli, kwamba chakula hakipiti.

Karatasi ya Eugene nilimrudishia bila saini. Niliandika yangu, kurasa mbili, na mchoro wa kile kipande cha mpira, nikawapa waandaaji wa mbio, na nakala nikampa Eugene. Eugene alinifukuza kabla hajamaliza kusoma ukurasa wa kwanza. Sasa niko kwa fundi mmoja wa pikipiki karibu na daraja, nafungua na kufunga mnyororo siku nzima.

Jumatano nilikwenda Vitengeni. Menza ametolewa hospitali, anauguzwa nyumbani. Mamake alikuwa ameketi barazani anapukuchua mahindi. Nilimwamkia, akaitika, akanipa kigoda. Niliogopa nikianza na maneno ya kuzunguka sitafika, kwa hiyo nikasema, "Mama, mafuta yale niliyachagua mimi. Na kile kipande cha mpira kibovu nilikiacha mimi. Menza hakuwasha sigara."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha. Kisha akaniuliza, "Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nikasema, "Hatua nne."

"Akakuita jina."

"Aliniita."

"Nawe ukamuuliza wapi."

Menza alikuwa amemsimulia. Nikasema ndiyo, niliuliza hivyo. Nilikuwa nimebeba sababu zangu zote, mjomba, za jua na moto usioonekana, lakini pale barazani zilikataa kutoka mdomoni. Hakusema amenisamehe, wala hakunifukuza. Alijipangusa mikono, akasema, "Ni saa ya kumbadilishia bendeji. Ingia umshikilie. Na utazame."

Nilimshikilia, nikatazama. Sitakuandikia nilichokiona, wewe unakijua. Menza aliuma kitambaa, na tulipomaliza akaniuliza ile mbio ya pili ilikuwa sekunde ngapi. Nikamwambia sikuiandika. Akasema, "Ilikuwa kali, lakini." Kisha akageuza uso ukutani.

Mamake amesema nirudi Jumatano ijayo, kwa kuwa peke yake hawezi kumgeuza. Nitarudi kila Jumatano mpaka aniambie basi.

Sikuulizi kuhusu Emily. Nakueleza tu nilivyofanya mimi: usianze na jua.

Hafswa.


Mambrui, 5 Agosti 2024

Mwanangu Hafswa,

Marahaba, na pole ya safari za Vitengeni. Mamako anakutumia maandazi na mafuta ya nazi, hayo ya nazi ni ya Menza, apakwe pale ngozi ilipokwisha kufunga, siyo kwenye kidonda. Amenikariria mara tatu nisisahau kuandika hivyo. Kuku wa jirani ameangua, na mamako amehesabu vifaranga sita ndani ya kapu lake. Sasa hataki mtu avifukuze.

Jumamosi nilishuka Kilifi.

Nyumba niliulizia sokoni. Emily ni mwalimu wa chekechea, amepungua, amevaa miwani. Nilipojitaja alinitazama mikono kwanza. Akasema, "Wewe ndiwe Fumo. Lewa alikutaja kila alipopiga simu." Akaniketisha, akaleta chai.

Nilikumbuka uliyoniandikia. Nilianza na mimi. Nikamwambia nani alichagua mafuta, nani alifunga mpira, nilikuwa umbali gani, na kwamba nilicheka. Maneno niliyompigia kelele nayo niliyataja kama yalivyokuwa. Kisha nikamwambia kuhusu karatasi na saini yangu.

Masikio yangu unayajua, ikabidi asogeze kiti chake mpaka karibu na goti langu ndipo nimsikie. Akauliza, "Hakuwa amelewa?"

Nikasema, "Lewa hakuonja pombe siku zote nilizokaa naye."

Alivua miwani, akaishika mapajani. Akasema, "Nilijua. Halafu wakaja watu na barua yenye mhuri, nikaacha kujua." Kisha akasema kwamba binti yao ana miaka kumi na tisa, na kwamba tangu akiwa mdogo amemlea kwa kumwonya asije akawa kama babake. Alikuwa akimwambia hivyo kila alipokosea.

Hakunilaumu kwa neno lolote. Afadhali angenilaumu.

Alisimama akaenda mlango wa uani, akamwita binti yake aache kufua, aje. Binti akaingia akifuta povu mikononi, ana paji la uso la Lewa, hasa. Emily akamketisha mahali alipokuwa ameketi yeye, karibu na goti langu, naye akabaki amesimama nyuma yake, mikono juu ya mabega ya mtoto wake. Akaniambia, "Anza tena, tangu mwanzo. Naye asikie."

Nikaanza tena.

Mjomba wako, Fumo.